Ugonjwa wa Crohn: uji "kidogo tu" unaweza kuharibu tiba

SWALI: Mwanangu wa miaka 13 ana ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo). Daktari ameagiza anywe fomula tu (unga wa lishe kamili wa kukoroga na maji) kwa wiki 6, bila chakula. Ni ghali. Naweza kuchanganya na uji wa lishe, pamoja na juisi ya alovera ya kusafisha utumbo wanayouza soko la Kilombero? (Mama, Sakina, Arusha)

JIBU: Pole kwa kuuguza, mama. Juisi hiyo acha leo. Utomvu wa alovera unaharisha na kupoteza madini ya potasiamu, na mtoto huyu hana cha kupoteza.

Kuhusu uji, kinachotusumbua kila mara ni imani kwamba chochote cha majimaji kinapumzisha utumbo. Fomula inatuliza Crohn vizuri zaidi ikiwa ndiyo chakula pekee. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2006 ulilinganisha watoto waliopewa fomula tupu na waliopewa nusu fomula, nusu chakula cha kawaida. Ugonjwa ulitulia kwa asilimia 42 ya kundi la kwanza. La pili, 15. Ukimpa uji "kidogo tu", unalipia tiba ambayo huenda isifanye kazi.

Gharama ipunguzwe kwingine: muulize daktari kama fomula ya protini nzima inamfaa. Kwa kawaida ni nafuu kuliko ya amino asidi (protini iliyovunjwavunjwa kabisa), na inatibu sawa.

Umri wake mara nyingi huhitaji kama lita 2 kwa siku, vikombe 8 vya mililita 250, ila kiasi chake kipangwe kwa uzito. Tumia kijiko cha ndani ya kopo, unga usawazishwe kwa kisu. Ukizidisha maji ili kopo lidumu, atakonda. Ukizidisha unga, ataharisha. Iliyokorogwa ikae friji, isizidi saa 24. Ikiwa baridi hunyweka kirahisi. Akishindwa kabisa kunywa, kuna mpira wa puani wa kupitishia fomula hadi tumboni. Na kama amekonda sana, aanze kidogo kidogo huku damu ikipimwa, maana fosfeti, madini ya kwenye damu, inaweza kushuka ghafla na kuathiri moyo.

Wengine mnaosoma, msiige. Tiba hii haitulizi kolaitisi ya vidonda, ugonjwa mwingine wa uvimbe wa utumbo mpana. Tena kifua kikuu cha utumbo hufanana mno na Crohn. Anayekuuzia prednisoloni (dawa ya kutuliza uvimbe) au chupa za "kusafisha" pale stendi, bila kipimo cha kamera ya utumbo na cha kinyama kinachokatwa humo, anacheza na maisha yako: prednisoloni hushusha kinga, TB ikasambaa.

Mgonjwa wa Crohn akijaa tumbo, akatapika, asipate choo wala hewa, huenda utumbo umeziba. Usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali.