Osprey ni helikopta au ni ndege?

Swali: Niliandika, "Osprey ni helikopta ya kijeshi yenye kasi mara mbili zaidi ya Chinook." Mhariri amekata sentensi nzima na kuniambia, "Osprey si helikopta, ni ndege." Nimekosea wapi?

Jibu: Umekosea, lakini na mhariri naye ana lake. "Ndege" kwa Kiswahili ni jina la jumla. Helikopta ni ndege, jeti ni ndege, hata ile isiyo na rubani ni ndege. Kusema "si helikopta, ni ndege" ni kama kusema "si mbuzi, ni mnyama".

Ukitaka kutenganisha Osprey na helikopta, taja kinachobeba uzito hewani. Chinook, ambayo ni helikopta, hubebwa na rafadha zake mbili kubwa za juu, yaani mapanga yanayozunguka, tangu inaporuka hadi inapotua. Osprey ina mabawa. Wakati wa kupaa, rafadha zake huelekea juu kama za helikopta. Ikishapanda, huinamishwa mbele pamoja na injini zake, na mabawa yakapokea mzigo. Ikikaribia kutua zinarudishwa juu, tena si kwa hiari: ni ndefu kiasi kwamba zikibaki zimeelekea mbele zitapiga ardhi.

Kwa hiyo mimi ningeandika "ndege ya rafadha zinazoinama". "Zinazogeuka" nayo inaeleweka, ila msomaji anaweza kudhani unasema "zinazozunguka", na ni rafadha gani isiyozunguka?

Sasa "mara mbili zaidi ya". Hapa namuunga mkono mhariri kwa kuikata sentensi. Mara mbili ya 300 ni 600, hakuna ubishi. Ukitia "zaidi" katikati, mmoja atasoma 600, mwingine atajumlisha na ile 300 ya mwanzo apate 900. Liondoe.

Hata ukiliondoa, hesabu bado haikubali. Chinook hufikia kilomita 300 na ushei kwa saa, Osprey takribani 500. Helikopta ina kikomo chake: inapokwenda mbele, panga la upande mmoja hukata upepo kwa nguvu huku la upande wa pili likirudi nyuma na kupoteza uwezo wa kuinua. Osprey huliepuka tatizo hilo kwa kuegemea mabawa. "Maradufu" ingekaa vizuri kama ungeilinganisha na CH-46 Sea Knight, helikopta ya zamani ya Marine wa Marekani ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Osprey.

Jambo dogo la mwisho: kasi hulinganishwa na kasi, si na chombo. Basi iwe hivi: "Osprey ni ndege ya kijeshi ya rafadha zinazoinama, na kasi yake ni kama mara moja na nusu ya ile ya Chinook."

Na ukitaka kuongeza kwamba ni "bora kuliko Chinook", sema bora kwa lipi, maana Osprey hukalisha askari 24 na Chinook huchukua zaidi ya 30.