Rambirambi za wagombea: tazama kinachofuata

Umeuliza kwa nini kila mgombea husema "tusubiri uchunguzi" mtu akifia mikononi mwa polisi. Kwa sababu ni kauli salama: haimuudhi polisi wala mfiwa. Mimi humuuliza mgombea swali moja tu: uchunguzi wa nani? Polisi wakijichunguza wenyewe, hapo hajasema kitu.

Chukua Marekani, 2015. Freddie Gray alikamatwa Baltimore tarehe 12 Aprili, akaumia uti wa mgongo akiwa ndani ya gari la polisi, akafariki tarehe 19. Siku kumi baadaye Hillary Clinton, aliyekuwa ndiyo kwanza ametangaza kugombea urais, alitoa hotuba Chuo Kikuu cha Columbia akataka askari wa kila idara ya polisi wavae kamera mwilini. Unaweza kumpinga (na kamera peke yake haimlindi mtu aliye ndani ya seli), lakini angalau alitaja jambo ambalo mpiga kura anaweza kumdai.

Julai mwaka huohuo Sandra Bland, aliyesimamishwa barabarani kwa kosa dogo la trafiki, alikutwa amekufa katika jela ya Waller, Texas. Ilichukua hadi 2017 jimbo kupitisha sheria yenye jina lake, inayotaka vifo vya jela vichunguzwe na chombo kingine. Kipengele cha kuzuia watu kukamatwa kwa makosa ya faini tu kilishanyofolewa bungeni. Kamera za habari zilikuwa zimeondoka zamani.