Maswali ya Wasomaji: Mungu ni mwadilifu, je na serikali inayotawala kwa jina lake?

SWALI: Ndugu mhariri, salaam. Mi ni mtu wa dini na nimechoka na rushwa na viongozi wanaodanganya mchana kweupe. Kila nikiwaza naona dawa ni moja tu, nchi itawaliwe kwa sheria ya Mungu, maana Mungu hahongeki wala hana upendeleo. Rafiki yangu anasema serikali ya hivyo haiwezi kutenda haki hata siku moja. Tumebishana mpaka tukanuniana. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu yangu, hilo la Mungu kutohongeka nakubaliana na we asilimia mia na wala sitalibishia. Wasiwasi wangu uko kwa anayeshika muhuri. Anayesaini hati ya kumfunga mtu ni binadamu, ana mashemeji, ana mahasimu, ana tamaa na hofu kama mi na we, ila huyu akishasaini anasema sio mimi, ni Mungu kasema. Hapo ndo pa kuangalia. Ukimpinga waziri wa kawaida we ni mpinzani tu, unaweza kumpeleka mahakamani au kumnyima kura uchaguzi ukifika, lakini ukimpinga anayeongea kwa niaba ya Mungu ushakuwa mwasi, ushakuwa adui wa dini, na mtu akishabandikwa hilo jina nani atathubutu kusimama naye?

Wanaotetea utawala wa dini wana mifano mizuri na naiheshimu. Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib akiwa khalifa alimkuta Myahudi mmoja na deraya, lile vazi la chuma la vitani, Ali akasema ni yake, wakafika kwa kadhi Shureih, kadhi akamdai khalifa ushahidi, Ali akamleta mwanawe, kadhi akasema ushahidi wa mtoto kwa babake siupokei, deraya ikabaki kwa yule Myahudi. Na kwenye Biblia kuna Nathani aliyemwendea mfalme Daudi na kumwambia machoni kwamba mtu yule mdhalimu ni wewe. Sasa ziangalie vizuri hizo habari. Haki haikuja kwa sababu aliyekaa kwenye kiti alikuwa mcha Mungu, Daudi alikuwa mcha Mungu na bado alichukua mke wa mtu na kumtuma mume vitani ili afe. Haki ilikuja kwa sababu palikuwa na mtu wa kumwambia mtawala hapana, na kesho yake akaamka salama. Swali langu kwako we na rafiki yako ni hilo, kwenye hiyo serikali mnayobishania, huyo mtu yupo, na nani anamlinda?

Chukua Iran, maana ndo nchi ya zama hizi iliyoandika utawala wa wanazuoni ndani ya katiba, tangu 1979. Wana bunge, wana rais, wananchi wanapiga kura, sio kwamba hakuna kitu. Lakini kuna Baraza la Kulinda Katiba lenye watu 12. Sita ni wanazuoni wanaoteuliwa na Kiongozi Mkuu mwenyewe, yaani mwanazuoni wa dini aliye juu hata ya rais, sita ni wanasheria ambao majina yao yanapelekwa bungeni na mkuu wa mahakama, na huyo mkuu wa mahakama kateuliwa na nani? Na Kiongozi Mkuu. Baraza hilo ndo linachuja wagombea, na uchaguzi wa rais wa 2021 walijiandikisha watu 592 wakapitishwa 7. Halafu kuna Baraza la Wataalamu ambalo kikatiba ndo linamchagua Kiongozi Mkuu na linaweza hata kumwondoa, sawa, lakini wagombea wa baraza hilo nao wanachujwa na lile lile la kwanza. Yaani wenye kazi ya kumsimamia mkubwa wanapita kwanza kwenye mlango unaolindwa na watu wa mkubwa. Hata awe mtu mwema kiasi gani, akikosea nani anamrudisha?

Na walio nje ya dini ya dola je? Bunge hilohilo lina viti 290 na vitano vimetengwa kwa Wakristo, Wayahudi na Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Iran. Ila Wabahai, ambao dini yao ilianzia hukohuko Iran, hawana hata kimoja na vijana wao wanazuiwa kuingia vyuo vikuu. Hilo mi siwezi kuliita haki hata nikilazimishwa, kijana hajaiba, hajapiga mtu, anafungiwa mlango wa chuo kwa namna anavyosali.

Usije ukadhani nawasema Waislamu. Wapuritani, Wakristo wa Kiprotestanti wenye msimamo mkali, walihama Uingereza miaka ya 1630 kwa sababu walibanwa imani yao, wakaenda Massachusetts, huko Marekani, kujenga jamii ya kumcha Mungu, na tangu 1631 wakaweka kwamba anayepiga kura ni muumini aliyepokelewa kanisani tu. Watu walioonja kuonewa ungetegemea wangekuwa wapole. Mwaka 1659 walimpandisha mwanamke anaitwa Mary Dyer kwenye mti wa kunyongea pale Boston kwa kuwa Mkweka, yaani wa dhehebu jingine la Kikristo, kamba shingoni, wenzake wawili wakanyongwa mbele yake, yeye akasamehewa dakika za mwisho na kufukuzwa. Akarudi mwaka uliofuata kwa sababu aliona sheria ile ni dhuluma, wakamnyonga kweli. Na Mary Dyer alikuwa Mkristo, akimwomba Mungu yuleyule na kusoma Biblia ileile wanayosoma waliomnyonga! Ndo maana huwa nawaambia waumini wenzangu kwamba anayeumia chini ya utawala wa dini sio kafiri peke yake, mara nyingi ni muumini anayekielewa kitabu kilekile tofauti kidogo na mkubwa.

Na tofauti hazikosekani. Benazir Bhutto alikuwa waziri mkuu wa Pakistan, nchi ya Kiislamu, mwaka 1988, wakati mwanamke wa Saudi Arabia alikuwa haruhusiwi hata kuendesha gari, na aliendelea kutoruhusiwa mpaka 2018. Qurani ni moja. Sasa lile katazo lilikuwa sheria ya Mungu au ya waliokuwa madarakani? Kama ilikuwa ya Mungu mbona iliondolewa kwa amri ya mfalme? Serikali ya kawaida ikitunga sheria mbovu inasema tulikosea tunabadilisha, ila iliyosema Mungu ndo kaagiza inarudije nyuma bila kuonekana ilimsingizia?

Kwa hiyo rafiki yako kazidisha kidogo, watawala wa dini waliotenda haki wamekuwepo. Ila we unataka kuijenga nchi nzima juu ya moyo wa mtu mmoja au kikundi kidogo, na moyo wa mtu hauonekani. Mi kura yangu siitoi hapo. Rushwa inayokuudhi, ambayo na mi inaniudhi sana, inapungua pale mkaguzi anapoweza kufungua vitabu vya mkubwa, gazeti likaandika, hakimu akahukumu asifukuzwe kazi. Hayo muumini anaweza kuyapigania kwa nguvu zote, na imani yake ndo imsukume.

SWALI: Mbona mnaisema dini tu? Serikali zilizokataa dini kabisa ndo zimeonea watu kuliko hata hao mashehe na maaskofu.

JIBU: Ni kweli na halipaswi kufichwa. Utawala wa Stalin, dikteta wa Umoja wa Kisovieti, ulilipua kanisa kuu la Kristo Mwokozi pale Moscow 1931, na Albania 1967 ikajitangaza kuwa nchi isiyo na Mungu, misikiti na makanisa yakafungwa, watu wakafungwa jela kwa kusali. Ila angalia kilichofanana. Na wao walikuwa na mafundisho yasiyohojiwa na chama kisichokosea, na aliyeuliza alikuwa msaliti. Ndo maana sisemi kwamba kuiondoa dini peke yake kunaleta haki, kabisa sisemi. Ninachokataa ni dola kushika dhamiri ya mtu, iwe kwa kumlazimisha asali au kumkataza asisali. Na muumini ana sababu zaidi ya kulikataa hilo, maana sala ya kulazimishwa ni ya nani? Qurani yenyewe, sura ya pili aya ya 256, imekataza kulazimishana katika dini.

SWALI: Je, dini ikibaki kwenye ndoa na mirathi tu, sio siasa, hapo kuna ubaya? Mi ni mwanamke na nimesikia wengine wanasema hapo ndo tunaumizwa zaidi.

JIBU: Dada, hoja yao ina uzito, kwa sababu ndoa na mirathi ndo sehemu sheria inakugusa nyumbani kabisa. Mi naangalia kama kuna mlango wa kutokea. Israel sio nchi inayotawaliwa na viongozi wa dini, lakini ndoa zinafungwa na mamlaka za dini tu, ya kiserikali haipo, kwa hiyo Myahudi na Mkristo wakipendana hawana pa kufungia ndoa hapo nchini, wengi wanapanda ndege mpaka Cyprus wanafunga huko halafu wanarudi kuisajili. Wasio na nauli je? Sasa linganisha na Kenya, katiba ya 2010 inaitambua mahakama ya kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, lakini kwa masharti kwamba wahusika wote wawe Waislamu na wote wawe wamekubali kuhukumiwa hapo. Kwa katiba ile, mjane asiyetaka kesi yake iende kwa kadhi ana haki ya kwenda kwingine, na aliyekwenda kwa kadhi akaona hakutendewa haki anakata rufaa Mahakama Kuu. Ndugu wanaweza kumbana asiende, hilo linatokea na linaumiza, kwa hiyo we popote ulipo ukiambiwa kesi yako ni ya mahakama ya dini, kabla hujaweka saini yoyote, uliza kama una hiari ya kukataa na rufaa inapelekwa wapi.