Gesi ya kutuliza kwa daktari wa meno: niliyotamani kuambiwa mapema

Gego langu la chini liliniuma miaka mingi nami nikalivumilia. Nilimeza dawa za maumivu, nikatafunia upande mmoja, hata maji ya baridi nikawa nayapitisha pembeni yasiliguse. Sababu ilikuwa woga. Utotoni niling'olewa jino kabla ganzi haijashika, na tangu siku hiyo harufu tu ya chumba cha daktari wa meno ilitosha kunitoa jasho viganjani.

Kilichonirudisha kwenye kiti kile ni gesi ya kutuliza. Wewe unayeahirisha miadi kila mwezi, haya nakuandikia wewe.

Kwanza, gesi hii si nusukaputi. Unabaki macho, unasikia, unajibu ukiulizwa. Kinacholegea ni hofu. Maumivu nayo hupungua kiasi, lakini sindano ya ganzi iko palepale. Mimi sikulijua hilo, na nilipoiona sindano nilihisi nimedanganywa. Hakuna aliyenidanganya, ni mimi niliyeona haya kuuliza. Ilipoingia, gesi ikiwa imeshakolea, nilihisi kitu kama kubonyezwa kwenye ufizi, basi.

Wanachokuvutisha ni naitrasi oksaidi iliyochanganywa na oksijeni, kupitia kikombe laini kinachokaa juu ya pua. Daktari wangu alianza na oksijeni tupu, kisha akaongeza gesi kidogo kidogo, kila mara akiniuliza, “Unajisikiaje?” Baada ya dakika chache vidole vya miguu vilianza kunichonyota kwa mbali. Mikono ikawa mizito. Mabega, ambayo sikujua kama nilikuwa nimeyakaza, yakashuka yenyewe. Drili niliisikia vizuri kabisa, ila ilikuwa kama iko chumba cha pili, inamhusu mtu mwingine.

Siri yote iko puani. Ukivuta pumzi kwa mdomo, au ukiongea sana, gesi inakupita. Mara yangu ya kwanza niliogopa, nikaanza kuhema kwa mdomo, na hofu ikarudi yote. Kwa hiyo nyumbani, siku chache kabla, jizoeze kukaa mdomo wazi huku ukipumua kwa pua. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Na ukiwa na mafua yaliyoziba pua, piga simu usogeze siku.

Kula, kula kidogo tu. Wengine hupata kichefuchefu, hasa tumbo likiwa limejaa au gesi ikizidi. Ukihisi kizunguzungu kisichopendeza, sema hapohapo; kipimo kinapunguzwa na ndani ya muda mfupi unakaa sawa. Sisi tulikubaliana kwamba nikiinua mkono wa kushoto, kila kitu kinasimama. Niliuinua mara mbili. Mara zote mbili daktari alisimama, na nadhani kusimama kule kulinituliza karibu sawa na gesi yenyewe.

Hapa naomba usifiche kitu. Mweleze daktari kama una mimba, hasa changa, kama una ugonjwa mkubwa wa mapafu, kama umefanyiwa upasuaji wa jicho au sikio hivi karibuni, au kama una upungufu wa vitamini B12. Gesi hii huingia na kutanuka kwenye nafasi zenye hewa mwilini, na huizuia B12 kufanya kazi yake. Kwa watu wengi si hatari, lakini kwa hao wachache inaweza kudhuru kweli.

Gesi yenyewe si ngeni. Desemba 1844, huko Marekani, daktari wa meno Horace Wells aliivuta kisha akang'olewa jino lake mwenyewe ili aone kama inafaa. Tofauti kubwa ya leo ni oksijeni: mashine za sasa hazikubali kiwango chake kishuke chini ya kile kilichowekwa kwa usalama.

Mwishoni nilivutishwa oksijeni tupu kwa dakika kama tano, kichwa kikawa chepesi tena. Niliketi kidogo kwanza, nikasimama polepole. Kilichobaki ni ganzi ya mdomo, iliyodumu saa kadhaa. Angalia usijing'ate shavu. Jioni ile, ganzi ilipoisha, nilitafunia upande wa kushoto kwa mara ya kwanza baada ya miaka, taratibu, nikisubiri maumivu ambayo hayakuja.