Bima ya hatimiliki Texas: bei haipungui kwa kuzunguka

Umeuliza kama ukizunguka kampuni tano utapata bima ya hatimiliki, ile ya kukulinda mtu akija kudai nyumba uliyonunua, kwa bei nafuu. Hapana kaka, kwa Texas huko ni kujichosha. Bei ya bima yenyewe inapangwa na idara ya bima ya jimbo, kampuni zote zinatoza sawasawa. Kinachotofautiana ni ada za pembeni, kama ada ya kusimamia malipo na za kutuma nyaraka, hizo ndizo za kulinganisha na kuombea punguzo.

Wanaotaka sheria zibadilishwe wana hoja: ripoti ya 2007 ya GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilikuta fidia zilizolipwa ni kama asilimia 5 tu ya pesa ambazo wateja wanalipia bima hiyo, na takriban asilimia 70 inaishia kwa mawakala wanaoiuza. Jimbo la Iowa wao walipiga marufuku kuuza bima hiyo, dhamana ya hatimiliki inatolewa na chombo cha jimbo.

Ila angalia karatasi yako ya kufunga mauziano (Closing Disclosure), ukurasa wa 2, sehemu H: bima ya mnunuzi imeandikwa ni ya hiari. Ya kuilinda benki ndiyo hukwepi ukichukua mkopo. Mimi ya mnunuzi nililipa, maana nyumba ilikuwa ya mirathi na mrithi mwingine angeweza kuibuka kuidai.