Mama wa aliyeua mudogo yangu analeta sambaza kila siku ya posho

SWALI: Tantini, jambo sana. Niko mama wa miaka 34, naishi Kadutu, hapa Bukavu. Mu 2019 mudogo yangu alichomwa kisu juu ya deni ya dola 40, na aliyemuchoma si mutu wa mbali, ni kijana wa avenyu yetu, walicheza mupira pamoja tangu wadogo. Walimukamata, tribinali ikamukatia miaka 20, nikasema basi, huyu sitamuona tena mupaka nizeeke. Njo ikafika februari 2025, mji ikabadilisha mikono juu ya vita, gereza ikafunguka, wafungwa wakatoka, na mwezi wa tano nikamuona na macho yangu, amesimama kwa fundi wa moto, anacheka. Magoti iliniishia. Nilirudi nyumbani na bidoni tupu, hata maji sikuchota.

Sasa mama yake, anauzisha sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, ku soko, kila siku ya posho (jumamosi) anakuja kwetu na kifurushi, anapiga magoti, anasema "binti yangu, mutusamehe". Baba wadogo walishakula mbuzi ya ile familia na kasiksi, pombe ya ndizi, wakakunywa, wanasema maneno imeisha. Padri naye alitufundisha juu ya Papa Yohane Paulo wa 2, namna alimufuata gerezani mutu aliyemupiga risasi. Mi nikifika ku "utusamehe" ya Baba Yetu naruka ile mustari, nanyamaza, kisha naendelea na wengine. Niko na zambi? Na zile sambaza nipokee ao nikatae?
Dada ya marehemu

JIBU: Dada yangu, pole, na nianzie ku sambaza juu njo nyepesi. Zipokee lakini uzilipe. Bei ya soko, kikombe kwa kikombe, umuwekee feza mu mukono. Ukikula za bure kila moja itakuwa na ladha ya damu, na ukimufukuza utakuwa unamufukuza mama muzee ambaye hakushika kisu. Umwambie wazi: mama, hizi ni sambaza, hazihusu mudogo yangu. Nafikiri atalia. Mwache alie.

Baba wadogo zako sasa. Mbuzi na kasiksi ni desturi yetu, siizarau, inazuia vijana wa nyumba mbili wasichinjane kesho, na hiyo si kitu kidogo. Lakini waliyoyamaliza pale ni yao. Hakuna mutu anasamehe na moyo wa mwingine. Tena mujue, kesi ya kuua si ya familia, ni ya serikali, mbuzi haifuti hukumu, na mulango wa gereza ukifunguka haifuti miaka 20. Tafuta ile karatasi ya hukumu, piga fotokopi mbili, moja uweke kwa mutu mwingine. Leo sikuambii upige hodi mulango gani, unaona mwenyewe namna mji iko, lakini karatasi inangoja. Na ukimukuta njiani usisimame naye peke yako hata akikuita kwa upole.

Padri wako alisema ukweli lakini alisema nusu. Papa alipigwa risasi tarehe 13 mei 1981 akapona, na desemba 1983 akaenda kuketi na Ali Ağca gerezani. Alisamehe damu yake mwenyewe! Wewe wanakuomba usamehe damu ya mutu aliye mu udongo, ambaye hatuwezi kumuuliza. Mfano ya kwetu ingefaa zaidi. Februari 2023, Papa Fransisko alipokuwa Kinshasa, kulikuwa ushuhuda ya kijana wa upande wa Eringeti, teritware ya Beni, baba yake aliuawa na panga. Kijana akaweka mbele ya musalaba panga ya namna ileile. Hakusema kama kuna muuaji alimuomba kitu. Ila sikiliza yote, alisema usiku usingizi haiji, na kwamba yeye na wenzake walisindikizwa kwanza na watu wa kanisa, njo wakashika njia ya musamaha. Njia, hajasema amefika.

Ku ngambo ya Ruzizi nako, Rwanda (najua habari za ngambo zinachoma watu siku hizi, munivumilie) walifanya gacaca, tribinali za majirani juu ya mauaji ya 1994, mupaka 2012. Mutu anasimama mbele ya majirani kwenye majani, anasema nilimuua fulani, nilimutupa pale. Wengine walikiri tu juu azabu ipunguzwe, kweli, lakini kuna mama alirudi nyumbani akijua mutoto wake analala wapi. Wengine walisamehe, wengine hapana.

Wewe unayo nini? Kijana amemutuma mama yake. Yeye mwenyewe hajafungua kinywa, anacheka kwa fundi wa moto. Hajakuambia mudogo wako alisema nini mwisho, kama aliita mutu. Mi naona haudaiwi jibu ya swali ambayo mwenyewe hajaiuliza. Siku atakuja na miguu yake, mbele ya wazee, aseme kila kitu, hapo utasikia moyo unasema nini, na ukisema hapana bado, ni hapana bado. Zambi ungekuwa nayo kama ungetafuta vijana wa kumumaliza. Ulifikiria, eh? Haukuandika, lakini nani hafikirii.

Mimi bwana yangu walimuua usiku, watu wenye bunduki, sikuona hata uso moja. Nilikuwa sina wa kumukatalia wala wa kumusamehe, nilichukia buti za kila mutu. Ile mustari ya Baba Yetu niliiruka miaka 9. Siku moja ku misa ya asubuhi ilinitoka tu, nikiwa nafikiria makala ya kupikia ilivyopanda bei. Juma iliyofuata haikutoka tena.