Vifuko vya bakteria: "wanavamia" au "vinavamia"?

Msomaji kauliza hivi: anaandika makala kuhusu vile vifuko vidogo vidogo ambavyo bakteria wanavitoa kwenye utando wao wa nje, akaandika "vifuko hawa wanavamia seli". Mwenzake kamkosoa. Yeye anajitetea kwamba si vinasafiri, si vinabeba sumu, si vinaingia ndani ya seli, sasa kwa nini visiwe ngeli ya A-WA kama bakteria wenyewe?

Hapana, ni vifuko hivi, KI-VI kama kawaida. Kifuko hakina uhai wala hakizaliani, ni kipande cha utando kilichovimba kikajikata, ukubwa wake nanomita 20 hadi 250 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), ndani kina protini, vipande vya DNA, na kwa baadhi ya E. koli, bakteria wa utumboni, wale wanaoharisha watu, kinabeba hadi ile sumu yenyewe ya kuharisha. Ila usifikiri uhai ndo kigezo cha kila kitu, maana seli iko hai na bado tunasema "seli hii inameza", hakuna anayesema "seli huyu". Na virusi je? Watu wanasema "virusi hivi" kwa sababu ya hiyo vi- ya mwanzo tu basi. Bakteria kaingia A-WA kwa kuhesabiwa kiumbe, japo "bakteria hizi" utaisikia kila siku na kwenye maongezi mi sigombani na mtu, ila kwenye makala chagua moja ubaki nayo.

Kinachonikera zaidi kwenye sentensi yako ni hiyo "kuvamia". Mara nyingi seli yenyewe ndo inavimeza hivyo vifuko, vingine vinaungana na utando wake na kumwaga mzigo ndani, sasa ukiandika "vinavamia" unampa kifuko kazi ambayo nusu yake kafanya mwingine. Halafu sio kila mara ni shari: chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya kundi B iliyotolewa New Zealand kuanzia 2004 ilitengenezwa na vifuko hivi hivi, vinaamsha kinga ya mwili bila kuwepo bakteria aliye hai. Uvamizi hapo uko wapi?

Mi ningeandika: "Bakteria wanatoa vifuko, na seli za mwenyeji zinavimeza." Mwenyeji ni yule ambaye bakteria wanaishi mwilini mwake. Angalia hiyo "zinavimeza", zi- ni ya seli, vi- ni ya vifuko, anayemeza na kinachomezwa wote wamo kwenye neno moja.